Taa Ikimfukuza Simba, Simba Anaenda kwa Nani?

Somo: Yohana 10:11–13, Kumbukumbu la Torati 22:1–8, Nehemia 4:9

 

Jumapili tulihubiriwa juu ya Mchungaji Mwema, na juu ya yule mtu wa mshahara anayeacha kondoo na kukimbia akimwona mbwa mwitu anakuja. Wiki hii nataka tukae na swali lingine kutoka fungu lilo hilo, swali ambalo mara nyingi tunalipita. Tuseme mchungaji hakukimbia. Tuseme alisimama imara na mbwa mwitu akafukuzwa. Je, mbwa mwitu huyo alienda wapi? Njaa yake haikuisha. Usiku ule ule, kuna zizi lingine mahali fulani.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Mbwa mwitu wa Biblia si yule wetu mwenye madoadoa na masikio makubwa ya mviringo. Ni mnyama wa nchi za huko, anayefanana na mbwa mkubwa wa polisi. Hapa Kericho na Bomet anayekula kondoo ni fisi, na kwa walio karibu na msitu wa Mau kuna chui. Ndugu zetu wa upande wa Narok wanamjua simba. Jina si hoja. Hoja ni zizi, na nani yuko macho.

Sasa niwapeleke Kitengela. Huko kulikuwa na kijana Mmaasai anayeitwa Richard Turere. Boma la kwao lilikuwa kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, upande ambao hauna ua, ili wanyama wapate kupita. Simba nao walipita. Richard alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na asubuhi moja akakuta fahali wao ameuawa. Ni yule mmoja tu waliyekuwa naye.

Alijaribu moto, akidhani simba wanauogopa. Akagundua kwamba mwanga wa moto unawasaidia kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba waliliona wakarudi. Siku ya pili wakatambua kwamba kitu hiki hakitembei, wakaingia wakala. Kisha usiku mmoja akazunguka zizi na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakuja. Akaelewa: simba anaogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki, swichi, na balbu ndogo kutoka tochi zilizoharibika. Paneli ya sola ilichaji betri, na balbu zikaelekezwa nje ya zizi, zikiwaka na kuzima kwa zamu. Simba akitazama kutoka gizani anaona kana kwamba mtu anazunguka na tochi usiku kucha. Kumbe mtu amelala. Richard alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko Marekani na kueleza haya, akiwa kijana mdogo wa shule.

Tazama uzuri wa kitu hiki. Taa haimuumizi simba. Inamwambia tu kwamba kuna mtu macho. Linganisha na sumu. Desemba 2015, huko Maasai Mara, mzoga wa ng'ombe ulitiwa sumu ili kulipiza kisasi, na baadhi ya simba wa lile kundi la Marsh, lililojulikana duniani kwa vipindi vya BBC, wakafa. Sumu haichagui. Anakula simba, anakula fisi, anakula tai aliyekuja kusafisha tu. Aliyetega taa na aliyetega sumu wote walikuwa na uchungu wa mifugo yao, lakini mmoja alitaka kulinda na mwingine alitaka kulipiza. Mungu anaona tofauti hiyo.

Mpaka hapo ni ushuhuda mzuri, na tungeweza kusema amina na kwenda nyumbani. Lakini kuna sehemu ya pili.

Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya taa hizi kuzunguka mbuga ya Nairobi, katika jarida la kisayansi liitwalo PLOS ONE. Walizungumza na wenye maboma 80. Kati yao 43 walikuwa na taa na 37 hawakuwa nazo. Wakalinganisha na kumbukumbu za mashambulizi ya miaka 10. Jambo la kwanza walilokuta: taa zinafanya kazi. Maboma yenye taa yalishambuliwa mara chache zaidi. Jambo la pili: baada ya taa kuwekwa, mashambulizi yalisogea mbali zaidi na mbuga, kuelekea kule ambako maboma yalikuwa bado hayana taa. Jambo la tatu: kadiri taa zilivyoongezeka, mashambulizi ya mchana nayo yalianza kuongezeka kuliko zamani.

Soma tena jambo la pili polepole. Simba hakuacha kula. Alivuka boma lenye taa akaenda kwa asiye na taa.

Sasa ndipo swali la leo linapokuja. Mimi nimeweka taa, nimelala salama, kondoo wangu wazima. Jirani yangu ambaye hakuweza kununua betri ameamka na kukuta manyoya. Je, nina deni kwake?

Kuna majibu matatu ya haraka, na yote matatu nataka tuyaweke kando.

Jibu la kwanza ni la kiroho sana: taa zenyewe ni kukosa imani, Bwana ndiye mlinzi, tuombe tu. Mpendwa, msome Nehemia. Maadui walipopanga kuja kuvuruga kazi, watu waliomba kwa Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku. Ni mstari mmoja, una mambo mawili, na hayagombani. Daudi naye alimtegemea Bwana, lakini simba alipochukua mwanakondoo, Daudi hakukaa chini kuimba. Alimfuata. Mtu anayeacha zizi wazi halafu akaomba hajaonyesha imani. Amempa Mungu kazi aliyopewa yeye.

Jibu la pili ni la hukumu: mwenye taa amemkosea jirani kwa kumsukumia simba. Hilo nalo si haki. Aliyekula kondoo ni simba, si taa. Kulinda kilicho mikononi mwako ni wajibu, na baba anayeacha mifugo ya watoto wake iliwe ili awe sawa na jirani hajamsaidia jirani kwa lolote. Sasa kuna nyumba mbili zenye njaa badala ya moja. Kwa hiyo usizime taa yako.

Jibu la tatu ndilo tunalolipenda zaidi: kila mtu na zizi lake. Hapa nataka tusimame kidogo.

Niliposoma biashara chuoni tulifundishwa kwamba kuna gharama ambazo hazionekani kwenye vitabu vya mwenye biashara, kwa sababu anayezilipa ni mtu mwingine. Mtu anaosha mitungi ya dawa ya kupulizia mtoni. Vitabu vyake ni safi, mto ndio mchafu, na anayeumwa tumbo ni mama wa chini anayechota maji. Hesabu yake inaonyesha faida, lakini sehemu ya hiyo faida ni hasara iliyohamia kwa mwingine.

Sisi wa nchi ya chai tunalijua jambo hili bila kwenda Kitengela. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa hapa Kericho. Sitaamua kesi hiyo kwenye ukurasa huu. Kuchoma mali ya mtu ni dhambi, na mwenye shamba ana haki ya kutafuta njia ya kubaki kwenye biashara. Lakini gharama ilipofutwa kwenye vitabu vya shamba, haikufa. Ilihamia kwenye nyumba ya mchumaji, kwenye karo, kwenye unga wa jioni. Kifaa kilicholinda hesabu ya mmoja kilimwacha mwingine nje gizani. Ukiona uchungu wa yule mchumaji, basi tayari unaelewa uchungu wa boma lisilo na taa.

Je, Neno linasemaje? Hebu fungua Kumbukumbu la Torati 22. Sheria ya Musa inasema ukimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yako amepotea, huruhusiwi kujifanya hujaona. Unamrudisha. Kama ndugu yako anakaa mbali, unamtunza huyo mnyama kwako mpaka mwenyewe aje. Angalia: wewe hukumpoteza huyo kondoo. Hukuacha lango wazi. Huna kosa lolote. Na bado una wajibu, kwa sababu moja tu: umeona.

Mistari michache mbele kuna sheria nyingine. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kwenye dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yako. Dari za wakati huo watu walipanda na kukaa juu. Kujenga si dhambi, na nyumba ni baraka. Lakini Mungu anamwambia mwenye nyumba afikirie hatari ambayo baraka yake inamletea mwingine, na aifikirie kabla mtu hajaanguka.

Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja unapata jibu letu. Mwenye taa hana hatia ya kondoo aliyeliwa kwa jirani. Lakini akishajua kwamba simba anahamia kule, hawezi tena kusema kwamba halimhusu. Kujua kumemtia kwenye habari hiyo. Hilo ndilo kosa la Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake. Kando ya kumuua, alitaka pia isemekane kwamba usalama wa ndugu yake haukuwa kazi yake.

Najua kuna mtu anasoma hapa na ana hoja. Anasema, "Pasta, mimi nilijinyima nikanunua sola. Huyo jirani bonasi ya chai ikitoka anaimaliza kwa wiki mbili. Nimnunulie na yeye?" Hoja hii si ya kudharau. Kuna asiye na taa kwa sababu ya uvivu, na Paulo aliwaambia Wathesalonike wazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Lakini hebu tuhesabu kwa uaminifu. Katika kijiji chako, wangapi hawana taa kwa uvivu, na wangapi kwa sababu ni mjane, ni mzee, ni kijana aliyeachiwa wadogo zake? Na tena, upendo hauanzi kwa pochi. Unaweza kuanza kwa ujuzi. Betri kuukuu iliyolala stoo, nusu siku ya Jumamosi, kijana wako anayejua kuunganisha nyaya: hivyo vyote unavyo.

Mwingine atasema, "Serikali italipa fidia." Ni kweli, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka utaratibu wa fidia, hata kwa mifugo. Lakini sheria hiyo hiyo inataka mwenye mifugo awe alichukua hatua za kutosha kujilinda. Kwa hiyo asiyekuwa na kitu cha kujilindia ndiye anayeliwa, na ndiye mwenye shida ya kudai. Fidia yenyewe huja baada ya kondoo kuliwa. Jirani ndiye anayeweza kuja kabla.

Ningeweza pia kuwashawishi kwa faida. Ningesema: simba anayeshiba kwa jirani hahami eneo, kesho atakuwa bado karibu nawe. Ningesema: mchana anayekaa na mifugo malishoni mara nyingi ni mtoto au kijana wa kuajiriwa, kwa hiyo hatari ikihamia mchana inahamia kwa mnyonge zaidi, na huyo mtoto anaweza kuwa wako. Hayo yote ni ya kweli. Lakini sitaki tujenge juu ya hilo peke yake. Ukimsaidia jirani kwa sababu inakulipa, siku isipokulipa utaacha. Mtu wa mshahara katika Yohana 10 naye alikuwa kazini siku zote ambazo mshahara ulizidi hatari. Hesabu ilipogeuka, akaenda zake.

Wazee wetu Wakipsigis walilielewa hili kwa njia yao. Mtu hakujihesabu peke yake. Alikuwa na kokwet yake, majirani ambao shida ya mmoja waliikalia chini pamoja. Na mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwaweka wengine kwa rafiki wa mbali, rafiki akanywa maziwa, na ugonjwa au wezi wakija upande mmoja, upande mwingine ulibaki. Huo ulikuwa ulinzi wa kweli, na ulimlinda mwenye mali kwa kumshirikisha asiye nayo. Leo tuna ua wa umeme, kamera, mbwa wakali na mulika mwizi, na kila kimoja kinasimama kwenye mpaka wa shamba la mtu mmoja.

Nirudi kwa Richard, kwa sababu alifanya jambo ambalo wengi wanalisahau kwenye hadithi yake. Baada ya taa zake kufanya kazi, nyanya mmoja jirani, ambaye wanyama wake wengi walikuwa wameuawa na simba, alimwomba amwekee taa na yeye. Kijana akakubali. Kufikia siku aliyosimama kwenye jukwaa lile alikuwa ameshaweka taa kwenye nyumba saba za jamii yake. Hakuwa na pesa. Alikuwa na ujuzi na moyo usiofunga mlango. Na angalia, nyanya ndiye aliyelazimika kuja kuomba. Kanisa lisingoje nyanya aje. Kanisa liende.

Kwa hiyo naomba vikundi vya nyumbani vifanye jambo moja mwezi huu. Msiulize nani ana pesa ya taa. Ulizeni nani yuko mwisho kabisa, karibu na msitu, asiye na ua wala mtu wa kuamka usiku. Anzeni hapo. Kwenye chama tunapeana zamu kwa namba au kwa kura, na ni haki. Lakini katika ulinzi, wa kwanza awe yule ambaye simba au fisi atamfikia kwanza sisi wengine tukishawasha zetu. Na mkishaweka, mrudi. Betri huchoka, nyaya hukatwa na panya, na mnyama hujifunza. Sanamu la Richard lilifanya kazi siku moja tu.

Mwaka 2012 huko Uswisi mtaalamu mmoja, Jean-Marc Landry, alijaribu kola inayopima mapigo ya moyo ya kondoo. Kondoo akishtuka na moyo ukaenda mbio, wazo lilikuwa kola imfukuze mbwa mwitu na pia itume ujumbe kwa simu ya mchungaji. Ni wazo zuri. Lakini fikiria ujumbe huo ukiingia saa nane usiku kwenye simu mbili, moja ya Mchungaji Mwema na nyingine ya mtu wa mshahara. Ujumbe ni ule ule. Mmoja anavaa viatu, mwingine anageuka upande wa pili. Teknolojia inaweza kukuambia kondoo wa nani anatetemeka. Haiwezi kukufanya uamke.

Na hapa ndipo Injili ilipo. Kila ulinzi wa binadamu, hata ulio bora, humsogeza adui: kutoka kwangu kwenda kwako, kutoka usiku kwenda mchana. Yesu hakumsogeza mbwa mwitu aende kwenye zizi lingine. Alisimama langoni, akapokea meno yake kwenye mwili wake mwenyewe, na hakuhamisha hasara hiyo kwa mtu mwingine yeyote. Tena katika mstari wa 16 anasema anao kondoo wengine, wasio wa zizi hili, na hao nao lazima awalete. Kumbe alipokuwa akitulinda sisi, alikuwa anafikiria zizi la jirani.

Sisi tuliolala salama kwa sababu Yeye alikuwa macho, hatuwezi kuona taa zetu zinawaka tukasema imetosha.

Maswali ya kikundi cha nyumbani, Jumatano:

1. Ni ulinzi gani ulio nao (ua, mbwa, taa, kazi, bima, elimu) ambao jirani yako hana? Hatari iliyopita kwako ilienda kwa nani?

2. Nani katika eneo lenu yuko mwisho kabisa, karibu na giza? Mtamtembelea siku gani?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na hatia na kuwa na wajibu? Soma tena Kumbukumbu la Torati 22:1–4.

Tuombe: Bwana, asante kwa usiku tuliolala salama. Tuonyeshe aliyekesha akilia usiku huo huo, na utupe miguu ya kwenda kwake kabla jua halijatua. Katika jina la Yesu, amina.